Nataka kurudi kusoma vitabu ukubwani, nianze na hadithi gani ya ajabu itakayonishika? Nipo Tanga

BintiChumbageni:

Wadau habari za jioni. Naombeni msaada kwenye jambo limenikaa kichwani siku nyingi.

Mimi utotoni nilikuwa msomaji, yaani yule mtoto anaitwa kula mara tatu hasikii. Abunuwasi nimemsoma mpaka gamba la kitabu likaachia, Alfu Lela nilisoma vipande vipande kila nilipovipata, na vile vitabu vya majini na binti wafalme tulikuwa tunaazimana darasani mpaka kurasa zinachomoka. Chochote chenye falme, bahari, uchawi, mnyama anaongea, mimi nipo. Alafu ikaja sekondari tukaanza kusoma kwa ajili ya mtihani, taja dhamira nne, eleza falsafa ya mwandishi, mwandishi kafaulu vipi kifani na kimaudhui, na toka nimemaliza fomu foo sijamaliza kitabu kingine cha hadithi. Sasa hivi nipo kaunta kwenye duka la dawa, nina mtoto yupo darasa la tatu, jioni nikishafunga nikapika tukala naishika simu nasogeza video moja baada ya nyingine mpaka macho yanawasha, na asubuhi ukiniuliza niliangalia nini sina cha kukwambia. Inaniuma kwakweli kwasababu naijua raha niliyokuwa naipata zamani.

Watu wameniletea vitabu vya kujijenga na kutafuta hela, nawashukuru, ila havinishiki hata kidogo. Ninachotaka ni hadithi, tena hadithi ya ajabu, nchi ambayo haipo, mtu anasafiri, kuna majini au majoka au mizimu, ukifungua hutaki kufunga. Kisiwe kinene cha kunikatisha tamaa. Kiswahili kwanza, Kiingereza nasoma ila kikiwa kigumu nachoka. Na niweze kukipata hapahapa Tanga au nikiagizie Dar. Nianze na nini?

Mdigo_wa_Duga:

Dada karibu, swali lako limenifurahisha sana.

Anza na Adili na Nduguze. Usianze na kingine. Najua jina la Shaaban Robert likitajwa wengi tunawaza darasa na ubao, na huyu ni mtu wetu kabisa, kazaliwa Vibambani 1909 na kaburi lake lipo Machui, lakini wangapi hapa Tanga wamewahi kumsoma kwa raha zao bila kuulizwa maswali mwisho? Kitabu kilitoka 1952, ni chembamba, wikiendi moja unakimaliza.

Ngoja nikuonjeshe. Kuna mfalme anaitwa Rai, na liwali wake Adili anatawala mji wa Janibu. Mfalme anamtuma mtu wake Ikibali aende Janibu kufuata kodi. Anapokelewa vizuri, anakula, anapewa pa kulala. Usiku anamuona mwenyeji wake, huyu Adili ambaye kila mtu anamsifu kwa upole na haki, anaamka anaingia kwenye chumba kina manyani wawili wamefungwa, anachukua mjeledi anawachapa, na huku anawachapa machozi yanamtoka yeye. Sasa mtu ukishaona hapo utalala vipi hujajua wale manyani ni kina nani na nani kamlazimisha mtu mpole vile awachape? Jina la kitabu linakupa fununu lakini sababu yake hujaijua bado. Na hapo hujafika kwenye safari ya baharini, hujafika kwenye mji ambao watu wake wamegeuka mawe kabaki msichana mmoja tu, Mwelekevu, na hujakutana na Huria ambaye ni jini. Huyo nakuachia.

Kitu kimoja cha kujiandaa nacho, Shaaban anaandika sentensi ndefu zimejaa methali. Kurasa za mwanzo zisome kwa sauti hata ukiwa peke yako. Sikio likishazoea mwendo wake unateleza tu.

kijana_makorora:

Naunga mkono Adili na Nduguze. Ila dada kasema na Kiingereza anasoma kwaiyo mi nisemee upande huo.

Watu watakuja hapa kukwambia usome vile vitabu vya ile tamthilia ya majoka na viti vya enzi, Game of Thrones. Usianze navyo. Ni vitabu vizuri lakini kimoja kina kurasa mia nyingi, majina ya watu yanajaa daftari, alafu cha kwanza kilitoka 1996 cha tano 2011 na watu bado wanasubiri cha 6. Mtu anayerudi kusoma anahitaji kumaliza kitabu. Ile hali ya kufunga ukurasa wa mwisho ndio itakufanya ukatafute kingine.

Tafuta A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha 1968. Nikueleze kwanini nakitaja kwa mtu wa Tanga. Ile dunia yote ni visiwa. Watu wanaishi kwa majahazi na ngalawa, wavuvi, wafanyabiashara wa kisiwa kwa kisiwa, na mchawi anayethaminiwa ni yule anayeweza kuita upepo ukajaa tangani. Mimi nimekulia kwenye familia ya wavuvi nilivyofika hapo nikakaa vizuri. Na watu wake wengi ni weusi na wekundu wa udongo, mwandishi mwenyewe kaamua hivo toka mwanzo. Shujaa ni mtoto wa kijijini anaitwa Ged, mchunga mbuzi, mama hana, na anaanzia hivi: kamsikia shangazi yake anatamka maneno fulani mbuzi akashuka juu ya paa, na yeye kesho yake akiwa machungani anayatamka yaleyale bila kujua maana. Mbuzi wakaja. Wote. Wakamsogelea wakambana kwa manyoya na mapembe hawataki kumuachia, akakimbia nao mpaka kijijini wamemzunguka, analia na watu wanacheka. Mtu yeyote aliyewahi kuchunga mbuzi hata siku moja ataiona hiyo picha. Baada ya hapo anaenda kusomea uchawi kwenye kisiwa cha Roke, kwa kiburi anafungulia kitu cha giza ambacho hakitakiwi kufunguliwa, na nusu ya kitabu ni yeye na hicho kitu baharini, mara kinamfukuza mara anakifukuza. Kiingereza chake kimetulia sana, sio cha kuchosha, na hakifiki hata nusu ya unene wa hivo vingine.

Cha pili ni Binti cha Nnedi Okorafor, 2015. Hicho ni kifupi zaidi, jioni mbili tatu umemaliza. Msichana wa Kihimba wa Namibia anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilichopo sayari nyingine, kajipaka udongo wake mwekundu mwili na nywele kama desturi yao, na safarini chombo kinavamiwa. Hiki kina vyombo vya angani zaidi kuliko uchawi lakini uajabu wake unatosha kabisa, na kilishinda tuzo mbili kubwa za fani hii Marekani, Hugo na Nebula.

The Hobbit cha Tolkien nacho nakitaja kwa haraka, 1937, kiliandikwa kwa ajili ya watoto kwaiyo ni chepesi, na joka lipo tena joka lenyewe hasa.

Mwalimu_Mstaafu_Pongwe:

Binti yangu, salaam. Nimefundisha Kiswahili sekondari maisha yangu yote ya kazi na maneno yako juu ya dhamira nne nimeyasoma mara mbili. Mtihani una haki yake, lakini mtihani hauwezi kumwambia mtoto kwamba hadithi kwanza huingia, ikakaa, ndipo baadaye sana mtu akaulizwa imemfunza nini. Sasa wewe huna mtihani. Soma ule, umeze, upite.

Kwa kuwa umeitaja Alfu Lela, rudi hukohuko. Zamani tulikuwa na tafsiri ya Edwin Brenn iliyohaririwa na Frederick Johnson enzi za Mwingereza, Kiswahili chake kizuri lakini kuipata ni kazi. Baadaye Hassan Adam akaifasiri upya na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaitoa kwa vitabu kadhaa. Kichukue kimoja tu uanze nacho. Uzuri wa Alfu Lela kwa mtu anayerudi kusoma ni kwamba hailazimishi kusoma moja kwa moja. Ile nzima imejengwa juu ya mwanamke anayeokoa roho yake kwa kukatisha hadithi pale inaponoga, alfajiri inaingia, mfalme anataka kujua kitatokea nini, anampa usiku mmoja tena. Basi na wewe soma kwa usiku. Hadithi moja, au nusu yake, funga.

Na hapa niongeze jambo kwa bwana wa Duga. Kisa cha Adili kina ndugu yake ndani ya Alfu Lela, kile cha Abdullah bin Fadhil liwali wa Basra na kaka zake wawili. Kule kaka zake ni mbwa. Shaaban Robert akakichukua, akawafanya manyani, akakipa majina yake na Kiswahili chake, kikawa kitu kingine kabisa. Ukisoma vyote viwili kwa kufuatana utapata raha ambayo hakuna mtahini atakayekuuliza habari zake.

Kisha ukiwa na pumzi soma Kusadikika, cha 1951. Ni nchi inayoelea hewani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria, anayemshtaki ni waziri Majivuno, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya faida na wote wakatiwa gerezani. Watu hukisoma kwa kutafuta siasa, na siasa imo, lakini wewe kwanza safiri na wale wajumbe.

Mwisho, una mtoto wa darasa la tatu. Msomee. Usitafute kitabu cha watoto kwa ajili yake na chako pembeni. Usomaji wa kwa sauti ndio asili ya hadithi zetu, na mtoto ndiye atakayekukumbusha kesho kwamba mmeishia wapi.

MamaZuhra_Ngamiani:

Shikamoo mwalimu. Mie naona mnamrukisha hatua. Mtu kasema simu ndio inamla, basi aanzie kwenye simu hukohuko. Siku hizi kuna simulizi kibao zinaandikwa na vijana wetu, majini wa chini ya bahari, wachawi, kijiji kimelaaniwa, wanatoa sehemu moja kwa siku kwenye Facebook na magrupu ya WhatsApp, na zinashika huwezi amini. Mie hapa barabara ya 12 tunasoma wanawake karibu wote wa kwenye kibaraza chetu, mmoja akipata sehemu mpya anatangulia kusoma na wengine tunamwambia nyamaza usituambie. Wengine hawajawahi kushika kitabu toka shule na sasa wanasoma kila siku jamani, kusoma ni kusoma.

Lawama yangu kwao ni kwamba nyingi hazifiki mwisho. Unafika sehemu ya 40 binti yupo kwenye pango na yule jini anaingia, inaandikwa itaendelea, alafu mwandishi anapotea au anakwambia lipia upewe iliyobaki. Kulipia sio mbaya, kijana katumia muda wake, ila akilipwa amalize.

Mdigo_wa_Duga:

MamaZuhra upo sahihi na mimi siwadharau hata kidogo, kuna vijana wanajua kukata hadithi mahali pa kukatia kuliko waandishi wengi waliochapishwa. Ila kwa huyu dada mimi bado nasema kitabu cha karatasi. Tatizo lake sio kwamba hapati cha kusoma kwenye simu, tatizo ni kwamba akiwa anasoma kwenye simu inaingia meseji, anaifungua, kutoka hapo anaangalia kitu kingine na yule jini kasahaulika pangoni. Kitabu hakina cha kukuita pembeni.

Na naomba niseme na hili, ukisearch majina tuliyotaja utaletewa pdf za bure za kuibwa. Usipakue. Vitabu vya Kiswahili vinauzwa kidogo sana, kila kopi inayonunuliwa ndio inamfanya mchapishaji aone kuna maana ya kutoa kingine.

mvuvi_wa_sahare:

Mnazunguka tu, mpeni Kezilahabi. Nagona na Mzingile, 1990 na 1991, vyote vyembamba kabisa kama alivyotaka. Hakuna kitu cha ajabu zaidi ya hivo kwenye Kiswahili, mtu anatembea kwenye ulimwengu ambao haueleweki kama ni ndoto au kiama, na kila sentensi inakusimamisha.

kijana_makorora:

Kaka mvuvi nakuheshimu ila hapana, sio cha kwanza. Navipenda hivo vitabu, Nagona nimekirudia na bado kuna sehemu nakaa naitazama tu. Lakini wembamba wa kitabu sio wepesi wake. Mtu ametoka miaka mingi bila kusoma, siku nzima kasimama kaunta, unampa kitabu ambacho hakimwambii yupo wapi wala anaenda wapi, atakifunga ukurasa wa ishirini na atajiona yeye ndio mwenye shida. Hapo tumempoteza. Vilevile na Ziraili na Zirani cha Mkufya, ni kikubwa kwa kila maana ya neno, vita vya mbinguni na kuzimu, ila akifike mwenyewe baada ya vingine.

mvuvi_wa_sahare:

Mimi nilianza nacho na kilinishika. Watu hawafanani. Ila sawa, asianze nacho, asikisahau tu.

BintiChumbageni:

Jamani asanteni, mmenijibu mpaka nimefurahi. Mwalimu shikamoo sana.

Nimepita maktaba ya mkoa pale mjini baada ya kazi, nimemkuta dada mmoja mkarimu akanitolea Adili na Nduguze, kopi imeshikwa na watu wengi lakini kurasa zote zipo. Simu nimeiacha inachaji jikoni. Nilitaka nisome kurasa chache tu nione, na kweli zile za mwanzo zilikuwa nzito, nikafanya kama Mdigo alivyosema nikaanza kusoma kwa sauti, mtoto akatoka chumbani kuuliza naongea na nani. Nikamwambia njoo ukae. Tumefika pale Ikibali anachungulia usiku na mtoto kakataa kwenda kulala, anasema kwanza nimwambie manyani wamekosa nini. Nikamwambia na mimi sijui. Kwakweli sikumbuki mara ya mwisho kusema sijui na kutamani kujua hivi.

Kuna maneno hatuyajui, tunayaruka, baadae yanajieleza yenyewe.

Sasa swali langu la pili. Tukimaliza hiki nataka kitu chenye mizimu, ya kwetu ya pwani. Nimekua nasikia habari za mapango ya Amboni, bibi alikuwa anatuambia ukiingia bila mwenyeji unatokea Mombasa au hutokei kabisa, na mpaka leo ukienda unakuta mahali watu wanaweka sadaka zao. Kuna mwandishi kaandika vya namna hiyo?

MamaZuhra_Ngamiani:

Hapo sasa! Huyo bibi yako na wangu walikuwa wamoja.

Mwalimu_Mstaafu_Pongwe:

Marahaba binti yangu, na umenipa furaha kubwa leo.

Cha mizimu ya pwani ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ndicho kilichoshinda shindano la hadithi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Kisha Kisima cha Giningi, 1968, na Giningi kila mtu wa visiwani anajua ni kuzimu ya wachawi. Lakini nikuambie ukweli usije ukanilaumu, hivi ni vitabu vya upelelezi. Maiti inakutwa mzimuni, watu wote wana hofu ya mzimu, na mpelelezi Bwana Msa yupo na kiko chake mdomoni anauliza maswali ya kawaida kabisa: nani alipita, saa ngapi, nani ana faida na kifo hiki. Rafiki yake Najum anashangaa na wewe unashangaa pamoja naye. Giza la mzimu utalipata, na Kiswahili cha Unguja kitamu mno, ila majini halisi hutayaona. Mimi naona vinafaa sana kwa mtu anayerudi kusoma kwa sababu kila sura inakupeleka kwenye inayofuata.

Ukitaka mfu kweli anayeinuka, ni Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, 2001. Mkubwa mmoja wa serikali aliyejisahau anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, na babu anamzungusha kumwonyesha nchi ilivyo. Hicho usimsomee mtoto, kisome peke yako.

Mdigo_wa_Duga:

Na ukitoka hapo kuna Walenisi cha Katama Mkangi, wa Kenya, 1995. Dzombo anahukumiwa, na adhabu yake ni kutiwa kwenye chombo na kurushwa angani. Anafika nchi ambayo mambo yake yanaendeshwa kinyume na alikotoka. Mimi nikikisoma nawaza kama Kusadikika kimepata kitukuu.

Mtu akisema Kiswahili hakina hadithi za ajabu nashindwa kumuelewa. Tuna nchi inayoelea hewani, tuna mji wa mawe, tuna mtu karushwa angani, tuna babu kafufuka. Kinachokosekana ni vitabu kuwepo dukani. Hapa Tanga maduka ya vitabu yanaweka vya shule, kalamu, madaftari na vya dini, hadithi ukiulizia wanakwambia kama kipo kwenye mtaala watakuletea. Mimi vyangu nimeagiza Dar kidogo kidogo, kwa Mkuki na Nyota au duka la TPH (Tanzania Publishing House), unapiga simu unauliza kipo, unalipa kwa simu, wanafunga wanaweka kwenye basi la Tanga jioni unapokea stendi. Uliza kabla hujalipa maana vya zamani vinaisha na kuchapishwa tena inachukua muda. Na maktaba nako dada uwe unaulizia hata ambavyo havipo, waandike kwamba kuna mtu anavitaka.

kijana_makorora:

Mi nina Earthsea ya karatasi, niliinunua mtumba kwa muuza vitabu wa chini pale Dar. Dada nikuazime? Ila ukikaa nacho usikimbilie cha pili kabla hujamaliza hicho.

BintiChumbageni:

Jamani kijana ubarikiwe, ndio naitaka. Kwanza nimalize hiki, mtoto hawezi kukubali tuache katikati. Duka letu lipo Chumbageni upande wa barabara kuu, nitakutumia maelekezo inboksi. Mwalimu, Bwana Msa nitamuulizia maktaba Jumamosi.

Na kwa mvuvi, Nagona nimekiandika kwenye orodha, sijakisahau.

mvuvi_wa_sahare:

Hapo sawa. Ukikifikia njoo uniambie, nitakuwa nasubiri.

MamaZuhra_Ngamiani:

Hebu Mdigo, hicho Adili na Nduguze Dar wanauzaje? Niagizie na mie viwili. Kimoja changu, kimoja cha kibarazani, na nataka tukisome kwa sauti zamu kwa zamu, tuone kama kitapita zile simulizi zetu. Hela nikutumie kwa namba ipi?

Mdigo_wa_Duga:

Bei nawauliza kesho asubuhi wakifungua, nakuletea jibu na namba inboksi. Nikiagiza naagiza kwa pamoja, kwaiyo mwingine anayetaka aseme leo hii.